Samaki Mbichi, Ndimu na Barafu: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Binti yangu amerejea kutoka masomoni ng'ambo akiwa amezoea kula sushi, ule mlo wa Kijapani wa wali na samaki, na sasa anataka tuiandae nyumbani kwa jodari tunaomnunua alfajiri katika soko la samaki la Feri. Anadai kwamba samaki aliyevuliwa usiku uleule, akikamuliwa ndimu nyingi, hana madhara. Mimi nimelelewa nikijua kuwa samaki haliwi mbichi. Tufuate lipi?
*Mama wa Upanga, Dar es Salaam*

JIBU: Mama, kwa jodari huyo wa Feri, tunakuunga mkono wewe. Hata hivyo, binti yako asikate tamaa, kwa sababu kinachoifanya sushi iwe sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, wala si ubichi wa samaki.

Asili ya mlo huu ni kuhifadhi samaki: alitiwa chumvi, akashindiliwa ndani ya wali na kuachwa kwa miezi mingi, na uchachu wa wali ukamzuia asioze. Kandokando ya Ziwa Biwa nchini Japani, wapo wanaoendelea kutengeneza sushi ya kale iitwayo funazushi kwa njia hiyo hadi leo. Tonge dogo la wali lenye kipande cha samaki juu yake lilishamiri mapema katika karne ya 19 huko Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, na sifa hupewa zaidi mpishi aliyeitwa Hanaya Yohei. Wapishi wa Edo hawakuwa na majokofu, kwa hiyo walimlowesha jodari katika sosi ya soya, wakawatia samaki wadogo chumvi na kisha siki, na mkunga wakamchemsha. Kamba nao walipitishwa kijiti toka kichwani hadi mkiani ili wasijikunje, wakatumbukizwa katika maji ya chumvi yanayochemka, na wakaopolewa mara tu walipogeuka rangi. Huo ndio ustadi tunaouheshimu zaidi, nao haukutegemea ubichi.

Kuhusu ndimu, ukali wake huigeuza nyama ya samaki ikawa nyeupe na kuonekana kana kwamba imeiva, lakini hauui minyoo midogo iitwayo anisakisi, ambayo hujiviringa katika minofu na matumbo ya samaki wengi wa baharini. Kinachoiua ni moto au baridi kali, na ndiyo maana sheria za Umoja wa Ulaya zinataka samaki wengi wanaoliwa wabichi wagandishwe kwanza kwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, hadi ndani kabisa ya nyama, kwa muda usiopungua saa 24. Wajapani wenyewe, kwa kuwajua minyoo hao, kwa kawaida walimla samoni akiwa amechomwa au kutiwa chumvi, na mazoea ya kumla mbichi yalienea baada ya Norwei kuanza, katika miaka ya 1980, kuwauzia samoni wa kufugwa waliolishwa chakula kikavu.

Jodari wakubwa hawana hatari kubwa ya minyoo, na hapo binti yako ana hoja. Tatizo la jodari wenu ni joto: saa alizokaa chomboni bila barafu ya kutosha, kisha mezani sokoni, akikatwa kwa kisu kilichokwisha kupita kwa samaki wengine na kuoshwa kwa maji ya ndoo ileile. Vijidudu vinavyoingia hapo havifi kwa ndimu, wala kwa kugandishwa. Andaeni sushi ya kamba waliochemshwa, au ya pweza aliyechemshwa hadi akalainika na kukatwa vipande vyembamba, na mtafute mchele wa punje fupi unaonata, kwa kuwa mchele wetu wa Kyela, pamoja na harufu yake nzuri, hutawanyika mkononi.

SWALI: Tulinunua vibua jioni, tukawakaanga hadi wakaiva kabisa. Nusu saa baada ya kula, mimi na mume wangu tulihisi uso ukiwaka moto, mwili ukawasha na moyo ukaenda mbio. Tumekula vibua miaka yote. Je, tumepata mzio?
*Msomaji wa Tanga*

JIBU: Kwa kuwa mliugua wote wawili kwa pamoja, dada, inaelekea ni sumu ya histamini kuliko mzio. Vibua, jodari, fulusi na dagaa wana kemikali ya asili katika nyama ambayo bakteria huigeuza kuwa histamini samaki akikaa kwenye joto, na ikishajitengeneza haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa. Samaki wa aina hiyo anaweza kuwa na macho maangavu na asinuke, ingawa wengine huhisi ladha kali ya pilipili mdomoni.

Hali hii ikijirudia, nendeni kituo cha afya na mumweleze tabibu mlichokula na saa mliyokula, kwani dawa za kuzuia histamini husaidia, na anayeshindwa kupumua apelekwe bila kusubiri. Mnaponunua, tazameni kwanza barafu kabla ya samaki: katika joto la pwani, kilo moja ya samaki huhitaji takriban kilo moja ya barafu, na barafu hiyo iwe imemzunguka pande zote tangu chomboni.