Tuisheni ya SAT na zile alama 200

Je, tuisheni ya SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani, huongeza alama 200 kama matangazo yake yanavyodai? Hapana, ongezeko hilo si la kawaida. Mtafiti Derek Briggs, katika ripoti aliyoiandikia jumuiya ya washauri wa udahili wa vyuo nchini Marekani mwaka 2009, alipitia tafiti zilizokuwapo na kukuta kwamba, wanafunzi waliofundishwa wakilinganishwa na wenzao wasiofundishwa, tofauti inayoletwa na mafunzo yenyewe ni kama alama 30 tu, katika mtihani ambao sehemu zake mbili kuu zina jumla ya alama 1600. Anayerudia mtihani hupanda kiasi hata bila mwalimu, kwa kuwa ameshauzoea, na mazoea hayo hayahitaji ada: programu ya Bluebook, ambayo ndiyo hutumika kufanyia mtihani wenyewe, ina mitihani kamili ya majaribio bila malipo, na tovuti ya elimu ya Khan Academy inatoa mazoezi ya bure tangu 2015.

Hata hivyo, 30 ni wastani, na tafiti hizo zilihusu mtihani wa karatasi, kabla haujahamia kwenye kompyuta. Mimi hufundisha hisabati ya mtihani huo, na ninachokiona mara kwa mara ni mwanafunzi anayetafuta x kwa usahihi kabisa, akachagua 5, ilhali swali limeuliza 2x na 10 ipo hapo hapo chini yake. Kosa la namna hiyo mwalimu makini hulikamata upesi, ingawa hata dada mwenye subira angelikamata.