Nyumba ya Watu Wote: majibu kwa wasomaji

Makala yangu kuhusu majengo ya jamii huko Japani imeleta maswali mengi. Leo najibu manne.

Toyo Ito ni msanifu majengo wa Japani mwenye jina duniani. Ilikuwaje akajenga kijumba cha mita za mraba 40 hivi?

Tsunami ya Machi 11, 2011 ilipofagia pwani ya Tohoku, kaskazini-mashariki mwa Japani, walionusurika walipewa nyumba za muda, safu baada ya safu, bila pa kukutania. Mzee akishafunga mlango wake, siku imekwisha. Ito na wenzake wakaanzisha Minna no Ie, yaani "Nyumba ya Watu Wote". Ya kwanza ilifunguliwa mtaa wa Miyagino, jijini Sendai, Oktoba 2011. Kabla ya kuchora, Ito aliwauliza watakaoitumia wanataka nini. Hawakuomba maajabu: baraza, jiko la kuni, meza kubwa. Akawapa hivyo hivyo, chini ya paa la kawaida la mgongo. Baraza hilo huitwa engawa: sakafu ya mbao chini ya upenu, unaketi ukingoni na viatu vyako mguuni, unaongea na aliye ndani bila kuingia. Aliyekulia Lamu au Unguja haelezwi zaidi. Kwangu mimi, hapo ndipo ustadi wote ulipo.

Nyumba ya Watu Wote ya Rikuzentakata, mji mwingine wa pwani hiyo, ina magogo yaliyosimama kama msitu. Ni mapambo?

Hapana, ndizo nguzo zenyewe. Ni mierezi ya hapo hapo iliyokufa kwa chumvi ya tsunami. Ito aliibuni pamoja na wasanifu wenzake Kumiko Inui, Sou Fujimoto na Akihisa Hirata, ikakamilika 2012. Mwaka huo huo maonyesho ya kazi hiyo yaliipa Japani tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la usanifu majengo huko Venice, Italia.

Je, kuna jengo la kisasa la umma lililoezekwa nyasi?

Lipo Yusuhara, mji mdogo milimani katika mkoa wa Kochi, ila nyasi ziko ukutani. Ni soko la bidhaa za wenyeji lenye hoteli ndogo, kazi ya msanifu Kengo Kuma ya 2010. Zamani wenyeji walikuwa na vibanda vya nyasi, wakiwapa wasafiri chai. Kuma akafunga nyasi matita matita mbele ya jengo, na kila tita linazunguka: unaligeuza hewa ipite, au unalitengeneza ukiwa ndani.

Watoto nao wana nafasi?

Hapo hapo Yusuhara, Kuma alijenga maktaba iliyofunguliwa 2018. Unavua viatu mlangoni, unatembea juu ya mbao, na ndani kuna hata ukuta wa kukwea.