Mwanangu yuko chini ya uangalizi Texas: nigonge mlango upi?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa miaka 63, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza, na ninauza dagaa. Mwanangu wa pili anaishi Houston, katika jimbo la Texas, akiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwaka jana alishtakiwa mahakamani, kisha akaniambia kwamba hakufungwa bali amewekwa chini ya uangalizi wa jamii kwa miaka mitano. Nilimwomba kijana wa steshenari aniandikie barua pepe kwenda idara ya magereza ya Texas, na jibu likaja kwamba jina hilo halimo. Sasa ndugu wanasema ananidanganya, na mmoja anasema huenda ametoroka. Baba yake amelazwa Bugando na hali si nzuri. Nimwandikie nani ili aruhusiwe kuja?

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa kuuguza. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: jina la mwanao kutoonekana katika idara ile halithibitishi kwamba ametoroka, wala kwamba amekudanganya. Kwa maelezo uliyotoa, ndivyo inavyotarajiwa.

Sisi tumezoea mfumo mmoja wa nchi nzima. Aliyeko Butimba na aliyeko Ukonga wote wako chini ya Jeshi la Magereza, na hata anayetumikia kile tunachokiita kifungo cha nje, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, husimamiwa na maofisa walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Marekani ina majimbo 50 na kila jimbo lina utaratibu wake, tena maneno yaleyale hubeba maana tofauti ukivuka mpaka. Katika sheria za Texas, uangalizi wa jamii ni jina rasmi la probesheni, yaani amri ya jaji inayomwacha mtu abaki nyumbani kwake kwa masharti badala ya kwenda gerezani. Parole ni jambo jingine: huyo ametoka gerezani kabla ya kumaliza kifungo, kwa uamuzi wa bodi, na anasimamiwa na idara hiyohiyo ya magereza ya jimbo, yenye makao yake Huntsville. Kijana wa steshenari aliandika huko Huntsville. Mwanao hakupitia huko. Anasimamiwa na idara ya uangalizi ya kaunti yake, inayofanya kazi chini ya majaji, na Texas ina kaunti 254. Sehemu kubwa ya Houston imo katika kaunti ya Harris. Kwa hiyo usichukue ushauri wa jirani mwenye ndugu Seattle, kwa kuwa katika jimbo la Washington idara ya magereza ya jimbo ndiyo inayosimamia wengi wa walio nje kwa makosa makubwa, na maelekezo yake, hata yakiwa sahihi kabisa kule, hayatakusaidia.

Yako pia mambo ya majina, ambayo nimeona yakiwapoteza watu wengi. Ukitafuta mfungwa katika orodha ya Texas kwa jina, unatakiwa uandike jina la mwisho pamoja na walau herufi ya kwanza ya jina lake la kwanza. Sisi huandika jina letu, la baba na la babu, na huko jina la babu linaweza kuwa ndilo la ukoo, au likawa limeachwa kabisa siku pasi ya kusafiria ilipotengenezwa. Mwombe mwanao akupigie picha karatasi ya amri ya mahakama. Ndani yake utaona jina kama lilivyoandikwa, namba ya kesi na mahakama iliyotoa amri. Mtu akishika namba hiyo, anaweza kuulizia jalada kwa karani wa mahakama, kwa sababu kwa kawaida kumbukumbu za kesi za watu wazima huko ziko wazi kwa umma. Afisa anayemsimamia mwanao, kwa upande wake, hatazamiwi kumweleza mzazi habari za mtu mzima kwa simu. Usimchukie, ndivyo kazi yake ilivyo.

Kuhusu ruhusa, mwombaji ni mwanao mwenyewe, si wewe. Miongoni mwa masharti ya kawaida ni kuripoti kwa afisa, kulipa ada ya kila mwezi, ambayo sheria inaiweka kati ya dola 25 na 60, na kubaki ndani ya eneo alilopangiwa. Akiondoka bila ruhusa, jaji anaweza kutoa hati ya kumkamata na hatimaye kumpeleka gerezani. Anachotakiwa kufanya ni kumweleza afisa wake pamoja na wakili wake, na ombi la kutoka nje ya nchi lifikishwe kwa jaji. Hapo ndipo msaada wako unapohitajika: omba hospitalini barua yenye muhuri, jina la daktari na maelezo ya hali ya mgonjwa, na kama imeandikwa kwa Kiswahili, itafsiriwe kwa Kiingereza.

Lakini mama, kabla hata ya ombi hilo kupelekwa, mwanao azungumze na wakili wa mambo ya uhamiaji, na hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika. Ruhusa ya jaji wa Texas haiwafungi maofisa wa uhamiaji, ambao ni wa serikali kuu. Texas ina utaratibu ambao mshtakiwa anakiri kosa, jaji anaahirisha kumtia hatiani, na akimaliza masharti kesi inafutwa; wengi hutoka mahakamani wakiamini kwamba hawana hatia yoyote. Sheria ya uhamiaji, tangu mabadiliko ya 1996, huhesabu jambo hilohilo kuwa hatia. Mwenye kadi ya ukaazi aliye na kosa la namna fulani anaweza kutoka salama, kisha akazuiwa uwanja wa ndege siku ya kurudi. Tiketi isinunuliwe kabla wakili hajaona karatasi za kesi, na ndugu wasimshinikize kwa maneno ya lawama kwenye kundi la WhatsApp.

Ukipiga simu kwa karani, kumbuka saa. Kati ya Novemba na Machi, saa mbili asubuhi ya Houston ni saa kumi na moja jioni ya Mwanza. Miezi mingine ni saa kumi jioni. Na wakili akisema safari haifai, saa hizohizo za jioni, ukiwa umeketi kando ya kitanda cha mzee, mwanao atakuwa ameamka, na mnaweza kumwekea baba yake simu ya video wakaonana.