Malaria Hakuna, Je, Homa ya Papasi?

Wadogo zangu mnaoanza kazi maabara, kila kundi jipya linapoingia naliona kosa lile lile: mgonjwa ana homa kali, kipimo cha haraka cha malaria kinatoka hasi, jibu linaandikwa, na slaidi haitengenezwi kabisa. Kipimo hicho hutafuta protini za vimelea vya malaria peke yake. Borrelia duttonii, bakteria wa homa ya papasi (homa inayokuja na kurudi, inayoenezwa na papasi, aina ya kupe), hakimwoni hata akiwa amejaa tele kwenye damu, ilhali zamani, malaria ilipopimwa kwa hadubini, tulikuwa tukimkuta bila hata kumtafuta.

Kwanza, damu itolewe mgonjwa akiwa na homa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mnapoteleza. Mama mmoja mjamzito aliletwa homa ikiwa imeshashuka. Tone nene la damu kwenye slaidi likasomwa kwa uangalifu, ikaandikwa kwamba vimelea havikuonekana, naye akaruhusiwa kwenda nyumbani. Msomaji hakuzembea, kwa kuwa kati ya homa moja na nyingine bakteria hupungua hadi hadubini isiwapate. Homa ilipomrudia alikuja akitetemeka, na safari hii, chini ya lenzi ya mafuta, nyuzi nyembamba za zambarau zilizojisokota zilionekana zimetapakaa kila uga. Homa hii huharibu mimba na huua vichanga, kwa hiyo siku alizopoteza mama yule hazikuwa siku za kupoteza. Jibu hasi la mgonjwa asiye na homa liandikwe pamoja na joto la mwili wake wakati huo, naye aambiwe arudi mara homa itakapoanza tena, kabla hajanunua antibayotiki dukani.

Pili, msitegemee mgonjwa akumbuke kuumwa. Papasi hutoka usiku kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hunyonya kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Muulizeni amekuwa akilala nyumba ya namna gani.

Tatu, chujeni Giemsa, rangi tunayopaka slaidi, kwani masalia yake humdanganya msomaji mgeni.

Nne, vaeni glavu. Joseph Everett Dutton, ambaye jina lake bakteria huyu analibeba, alifariki Kongo mwaka 1905 kwa homa hii hii aliyokuwa akiichunguza.

Jibu likiwa chanya, mjulisheni daktari papo hapo, kwa sababu saa chache baada ya dozi ya kwanza ya antibayotiki homa inaweza kupanda ghafla na shinikizo la damu kushuka, na mgonjwa anapaswa kuwa wodini chini ya uangalizi.