Usimpe babako hiyo dawa ya fangasi

Usimpe. Weka chini hivyo vidonge kwanza.

Nimesoma ulichoandika: mzee wenu hapo Malindi amekuwa msahaulifu, ana sukari, umeona video inayosema Alzheimer, ule ugonjwa wa usahaulifu wa wazee, ni fangasi wa ubongoni, na duka la dawa limekubali kukuuzia flukonazoli, hiyo dawa ya fangasi, bila karatasi ya daktari. Mimi mamangu nilimpa, hapa hapa Lamu.

Video haidanganyi yote, na ndipo inapotumaliza. Ni kweli mwaka 2015 watafiti wa Madrid, kundi la Luis Carrasco, walitangaza kwamba wamekuta dalili za fangasi kwenye bongo za marehemu 11 wenye Alzheimer, na kwa 10 wasiokuwa nayo hawakukuta. Lakini kumkuta paka jikoni si ushahidi kuwa ndiye aliyekula samaki. Huenda ubongo ukishaugua ndipo fangasi hupata njia ya kuingia. Na hakuna dawa ya fangasi iliyoidhinishwa kutibu Alzheimer. Hilo yule bwana wa koti jeupe aliyeniuzia hakulisema. Alisema "tunasafisha ubongo". Mungu amsamehe, mimi bado.

Sasa sikiliza. Mamangu alikuwa akimeza glibenklamidi ya sukari. Bwana hakuuliza, nami sikusema. Flukonazoli hulizuia ini kuivunja glibenklamidi, basi dawa ya sukari inajazana mwilini na sukari inaporomoka. Akaanza kutoka jasho jingi, ulimi mzito, akaniita kwa jina la dadake aliyefariki zamani. Mimi, profesa wa YouTube, nikawaambia watu wa nyumbani: mwaona, fangasi wanakata roho! Nikamwongezea kidonge. Ndiyo, nilimwongezea. Cheka, nishazoea.

Alfajiri hakuamka. Mwaijua mitaa yetu, gari haipiti. Tulimkimbiza kwa mkokoteni wa hamali. Muuguzi akamdunga kidole, akaitazama mashine, kisha akanitazama mimi. Akatundikiwa dripu ya glukosi, akafungua macho. Nikadhani tumemaliza, kumbe wakamlaza, kwa sababu glibenklamidi haitoki upesi na sukari yaweza kuanguka tena. Alirudi nyumbani hai, alhamdulillahi, lakini ule usahaulifu niliotaka kuuondoa ulikuwa umezidi.

Kwa hiyo: MFUKO KWANZA. Kila anachomeza babako, cha sukari, cha presha, cha kuyeyusha damu, hata mizizi ya mganga, tia kwenye mfuko mmoja, upeleke kwa daktari au mfamasia aliyesomea, kabla kidonge kipya hakijafika kinywani. Warfarini, hiyo ya kuyeyusha damu, nayo haipatani na flukonazoli, mtu anaweza kuvuja damu. Anayekuuzia bila kuuliza habari za mfuko, mwachie vidonge vyake.

Fangasi wa kuvuruga akili yupo kweli, kriptokokasi, lakini huyo hutafutwa kwa kupima damu na maji ya uti wa mgongo, na hutibiwa wodini, si kwa video. Usahaulifu waweza pia kuletwa na tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12, basi mwombe daktari avipime, hasa kama mzee ametumia metformini, dawa ya sukari, miaka mingi, maana huishusha hiyo B12.

Uliuliza na habari ya vyakula, na kingine nimeshasahau (usianze kuniletea dawa). Hayo baadaye. Andika hapa majina ya dawa zote za babako, za sukari kwanza, na kama ameshameza hiyo flukonazoli hata kimoja, usingoje jibu langu, mpeleke akapimwe sukari sasa hivi.