Usitume hiyo hela, na usiache kutafuta

Dada, usitume hiyo hela. Salamu baadaye.

Uzi wako nimeusoma mpaka mwisho. Mbwa amekimbia usiku wa fataki huko Kimara, umebandika tangazo lenye picha, rangi, kovu la mguuni, jina lake na zawadi ya laki mbili, na leo mchana mtu amekupigia kwamba anaye, yuko naye Chalinze, amegongwa mguu, utume elfu arobaini ya dawa na nauli ampakie kwenye basi. Unauliza utume zote au nusu kwanza. Kilichonifanya niache kazi nikae niandike ni ile sentensi yako ya mwisho: "Angalau sasa najua alipo, leo nitalala." Hapana dada. Hujui alipo. Na usilale.

Mimi nililala.

Wangu aliitwa Tomi, chotara wa shepadi na mbwa wetu wa kienyeji, mwekundu mgongoni, mweusi mdomoni, sikio moja limesimama na jingine limekunjika nchani. Radi ilipiga karibu na nguzo ya umeme, geti lilikuwa limeegeshwa tu, akatoka kama mshale. Jioni ile ile nikaandika tangazo. Kwenye kundi la WhatsApp la wafuga mbwa kulikuwa na bwana mmoja anayejiita mtaalamu, kila swali analijibu yeye kabla wengine hawajamaliza kusoma. Ndiye aliyenielekeza: weka kila alama, mpaka kovu la puani, mpaka sikio, mpaka jina analoitikia, na zawadi uiandike kwa herufi kubwa ili watu wahamasike. Nikafanya hivyo hivyo. Watu wakahamasika kweli, na aliyehamasika kuliko wote hakuwahi kumwona Tomi hata siku moja.

Simu ilikuja asubuhi. "Shikamoo mzee, mbwa wako ninaye, sikio moja limekunja, ana kovu puani, nikimwita Tomi anatikisa mkia." Ukiwa umekesha na tochi mitaroni, maneno hayo yanakuingia kama uji wa moto tumboni. Hukumbuki kwamba yote matatu umeyaandika wewe mwenyewe na kuyasambaza. Yule mtu alikuwa ananisomea tangazo langu.

Akataka hela ya sindano. Nikaingiza namba, na kabla sijaweka namba ya siri likatokea jina la mwanamke, wakati anayeongea ni mwanamume. Nikamuuliza. Akasema laini ni ya dada yake. Nikasita, nikampigia mtaalamu wangu wa kundini. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Mlipe upesi, hao ukiwabana wanamuuza." Nikaweka namba ya siri.

Baada ya hapo Tomi akaanza kusafiri kwa simu. Mwanzo alikuwa Kibaha. Nilipojiandaa kwenda, akawa Mlandizi, amehamishiwa kwa mganga wa mifugo. Nilipofika Mlandizi, akawa Chalinze, na sasa kinatakiwa kibali cha kusafirisha mnyama. Chalinze, dada, umeiona? Ni kama kilomita mia moja kutoka Dar. Mbwa aliyetoka Kimara kwa kuogopa fataki hafiki Chalinze kwa miguu halafu akasubiri mtu mwenye tangazo lako amkute. Wanachagua mji ulio mbali kiasi kwamba hutachukua pikipiki ukafika baada ya nusu saa, na ulio karibu kiasi kwamba utaamini.

Hela ile nilishaisamehe. Sitaki ufikiri naandika haya kwa uchungu wa hela. Hela ndiyo hasara ndogo.

Hasara yenyewe ni hii. Siku niliyotuma ile ya kwanza, niliita watoto wa mtaani niliokuwa nimewagawia tochi nikawaambia asanteni, ameshapatikana. Nikapita kijiwe cha bodaboda nikawaambia. Nikamwambia mjumbe. Karatasi iliyokuwa kwenye nguzo ya dukani nikaibandua kwa mkono wangu, nikaikunja vizuri nikaiweka mfukoni, nikidhani naheshimu mazingira. Macho yote yaliyokuwa yanamtafuta Tomi niliyafumba mimi, kwa siku zote zile nilizokuwa nahangaika na simu na mabasi ya barabara ya Morogoro.

Namba ilipozimwa moja kwa moja ndipo nilirudi mtaani. Nikaingia buchani. Kijana anayekata mifupa akaniangalia akasema, "Mzee, yule mwekundu mwenye sikio la kukunja? Alikuwa analala pagalani hapo nyuma. Jioni tukifunga anakuja kuokota mapande. Niliwaambia vijana wa bodaboda, wakasema wako umeshampata, huyo atakuwa mwingine."

Nilikwenda kwenye lile pagala. Chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, kuna mchanga uliobaki wa ujenzi, na katikati ya mchanga shimo la duara la mbwa aliyejilaza. Pembeni mifupa iliyotafunwa mpaka ikawa myeupe, na manyoya mekundu yamenasa kwenye waya wa nondo pale mlangoni, usawa wa bega lake. Kutoka pale mpaka getini kwangu unaweza kumwita mtu akaitika. Kijana wa bucha alisema ameacha kuja tangu juzi yake. Sijampata mpaka leo.

Kwa hiyo nikisoma "leo nitalala" natetemeka.

Na huyo mtaalamu, kwa kuwa najua wa aina yake wamo pia kwenye majibu ya uzi huu, wakikuambia "tuma nusu uone". Tuma nusu uone nini? Anayeshauri hivyo hapotezi chochote. Bwana wangu yule hakuwahi kuuliza Tomi aliishia wapi. Wiki ile ile, nikiwa bado nazunguka mapagala, aliniandikia faragha kwamba ana watoto wa shepadi, wameshapata chanjo ya kwanza, bei ya mwana kundi. Sikumjibu. Mpaka leo anagawa ushauri ule ule, weka kila alama, weka zawadi kubwa, na watu wanamshukuru kwa mikono ya kuombea. Mtu asiyewahi kukesha akitafuta asiwe mwepesi kuwaelekeza wanaotafuta.

Sasa nisikilize, kanuni ni moja tu: mpaka umemshika kwa mkono wako, mbwa bado amepotea. Hakuna simu, hakuna picha, hakuna sauti ya mtu mpole inayobadilisha hilo. Anayepiga ashughulikiwe na mtu mmoja, mumeo, kaka yako, yeyote, na wengine wote waendelee kutafuta hapo hapo Kimara kana kwamba simu haikupigwa. Usimwambie mtu yeyote "ameshapatikana". Usibandue karatasi hata moja.

Huyo wa Chalinze mjaribu sasa hivi, usingoje kesho. Kwa kuwa tangazo lako lilitaja kila kitu, alama ya siri huna kwa sasa, basi tumia swali la uongo. Muulize, "Ule mkufu wa shanga nyekundu bado anao shingoni?" wakati hana mkufu wowote. Akisema ndiyo, umemaliza naye. Akisema hana, mwambie apige simu ya video uongee na mbwa wako. Si picha. Picha siku hizi mtu anazitengeneza kwa akili mnemba kutokana na ile uliyobandika wewe. Video ya papo hapo, wewe unaita jina, unaona masikio yakigeuka. Mtu aliyempata kweli atahangaika atafute hata simu ya jirani. Tapeli ataanza bando limeisha, kamera imevunjika, betri, na hasira, "kwani huniamini?" Hasira ndiyo huja mwisho kabla namba haijazimwa.

Namba yake itume kwenda 15040, ndiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakopokea namba za matapeli, kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo si kwamba hawafikiki. Lakini hayo yasikule siku nzima. Mtume mtu. Wewe uko kwenye kutafuta.

Tangazo ulirekebishe leo. Futa kovu, futa jina, acha picha moja na rangi. "Zawadi ipo" inatosha, kiasi hakimhusu mtu. Na mchunguze kwenye picha zako za zamani utafute kitu ambacho hukukiandika, ukucha wa ziada mguu wa nyuma, doa tumboni, jino lililokatika, hicho kibaki kwako na kwa huyo mtu mmoja anayepokea simu. Atakayekitaja bila kuulizwa, huyo mfuate, mkutane ofisi ya serikali ya mtaa, muwe wawili, na zawadi itoke mfukoni kamba ikiwa mkononi mwako.

Wapi pa kutafuta? Mbwa aliyetishika hutulia mahali penye kivuli na pasipopita watu, kisha hutembea usiku watu wakipungua. Kwa Kimara maana yake ni mapagala, chini ya madaraja ya mitaro, nyuma ya bucha, nyuma ya mabanda ya chipsi na nyama choma, na pale gari la taka linapokusanyia. Anza na mabucha yote, jioni wakati wanafunga, na usiulize "umeona mbwa?" maana jibu ni ndiyo kila siku. Onyesha picha. Kisha walinzi wa usiku, hawa wanaona kuliko sisi sote, wapitie saa nane au tisa za usiku ukiwa na mtu. Mama lishe anayewasha jiko alfajiri. Mafundi wanaolala saiti. Watoto wakitoka shule. Mjumbe wako umwombe awataarifu wajumbe wa mitaa ya jirani, mipaka yetu ya mitaa mbwa haijui.

Ukimwona, usimkimbilie na usipige kelele za furaha. Hilo nalisema kwa nguvu. Mbwa mwenye hofu humkimbia hata aliyemlea, na ukimfukuza atavuka Morogoro Road. Kaa chini, mgeuzie ubavu, usimkazie macho, tupa kipande cha nyama mbele yako, ongea naye kwa sauti ya kawaida ya nyumbani. Acha akunuse. Itachukua muda, uache uchukue. Vijana wanaotaka kusaidia wakae mbali kabisa, wazibe njia ya barabarani, wasimzingire.

Akirudi na alama za meno mwilini, daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na kadi yake ya chanjo mkononi. Akikung'ata wewe au yeyote katika kumshika, hata kidogo, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima kisha hospitali, msingoje mwone kama mbwa ataugua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mdau mmoja hapo juu ameuliza habari za chipu ya chini ya ngozi. Chipu inahifadhi namba tu, haionyeshi mbwa alipo, na inasomwa na mwenye kifaa chake. Kwa usiku wa leo haikusaidii. Tochi itakusaidia.

Dada, kama umeshatuma, usione haya kusema, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hii, waombe wazuie muamala kabla hajaitoa kwa wakala. Kama hujatuma, andika hapa uko upande gani, Kimara Mwisho, Korogwe, Bucha au Baruti. Mimi nipo Mbezi. Nikitoka kazini jioni nina tochi mbili kubwa na pikipiki, na yule kijana wa bucha siku hizi ana bucha yake mwenyewe huko huko Kimara, anajuana na wenzake wote wa barabara hiyo. Nimeshampigia. Anasema tuma picha, lakini ile isiyokuwa kwenye tangazo.