Sikio likitoka usaha kila mara, uliza kuhusu kingamwili

Mtoto akitoka usaha sikioni, mtaani kila mtu ana dawa yake. Huyu atasema umdondoshee maziwa ya mama, yule ataleta mafuta ya vuguvugu yenye kitunguu saumu, na duka la dawa watakukatia antibiotiki za siku tatu kwa sababu ndiyo hela uliyoshika. Mwanangu kapitia yote. Usaha unakauka, ukidhani yamekwisha unarudi, safari hii na makamasi ya kijani na kikohozi cha usiku.

Wazazi wenzangu, msichukulie kila sikio kuwa ugonjwa mpya. Andikeni tarehe, kwenye daftari la kliniki au kwenye simu, popote. Zipo dalili ambazo madaktari wa kinga wanazitumia nchi nyingi: masikio kuugua mara nne au zaidi ndani ya mwaka, sainasi kali mara mbili, nimonia mara mbili, au antibiotiki miezi miwili bila nafuu ya maana. Ukiwa na mbili kati ya hizo, una haki ya kuuliza. Daktari aliyesoma tarehe zangu aliliacha sikio, akamwambia mtoto afungue mdomo, akatafuta mafindofindo, tonsesi kama wengi tunavyoita. Hayakuwepo. Hakuna aliyeyakata, hayakuwahi kukua.

Hiyo ni alama ya ugonjwa ulioelezwa mwaka 1952 na Ogden Bruton, daktari wa watoto katika jeshi la Marekani, kwa mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akiugua mfululizo. Damu yake haikuwa na gamaglobulini, yaani kingamwili, protini za damu zinazopambana na vijidudu. Mtoto kama huyu huanza vizuri kwa sababu amezaliwa na kingamwili za mama yake. Zikipungua, karibu na miezi sita, ndipo masikio, pua na kifua vinapoanza. Upo upungufu wa aina nyingine pia, na baadhi huibuka ukubwani, kwa hiyo wewe mtu mzima unayeishi na sainasi usijione haikuhusu.

Kipimo cha kuanzia ni cha damu tu: kiwango cha imunoglobulini G, A na M, yaani aina tatu za kingamwili. Kwetu watapima VVU kwanza, na ni sawa kabisa. Ila kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, na asiyezitengeneza anaweza kuonekana hana virusi hata kama anavyo. Huyo apimwe kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe.

Tiba ni kupewa kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wachangiaji, kwa dripu kila wiki tatu au nne, au kwa sindano chini ya ngozi, mara nyingi kila wiki. Ni ghali, na upatikanaji wake ni shida, kwa hiyo suala la bima lianze mapema. Kinachowashangaza wengi ni kwamba nimonia zinapungua sana lakini pua inaendelea kusumbua. Dawa hiyo karibu yote ni G. Kinga ya utando wa pua hutegemea sana A, na hiyo haiji na dripu.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani haiishi. Sisi tunaosha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa. Maji ya bomba moja kwa moja hapana, hata yawe masafi kwa macho. Sikio linalotoka usaha hukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi cha pamba, unaubadilisha mpaka utoke mkavu, kisha matone aliyoandika daktari. Hakuna mafuta, hakuna kuogelea. Kabla ya antibiotiki nyingine, omba usaha upimwe maabara, na usishangae ukiandikiwa dozi ndefu kuliko ya mtoto wa jirani. Usikivu upimwe pia. Mtoto anayeitwa mtundu darasani huenda hamsikii mwalimu.

Ugonjwa huu wa Bruton hupitia kwa mama na kuwapata wavulana, ingawa mara nyingine huanza kwa mtoto bila kuwepo kwenye ukoo. Ulizeni upande wa mama kama kuna wajomba waliofariki wakiwa wadogo kwa homa na vifua. Kwetu maswali haya huamsha maneno ya uchawi na ya mama mwenye mkosi. Mimi nilisikia yote, nikauliza hivyo hivyo, maana mdogo wake alikuwa njiani.

Na chanjo: matone ya polio yana kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtoto asiye na kingamwili anaweza kukaa nacho muda mrefu, hata kupooza. Mwambie nesi kabla hajafungua kichupa. Chanjo ya polio ya sindano haina kirusi hai, na ndugu zake wa nyumba moja nao wapewe hiyo.